Bibi Alinifundisha Kuogopa Upepo

Sanduku la bibi yangu, la mninga, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kama maua, lilinusurika tufani ya Aprili 1952 pale Lindi kwa sababu lilikuwa sakafuni. Ndivyo alivyotusimulia sisi wajukuu, mara nyingi kuliko tulivyotaka kusikia. Upepo uliezua mapaa ya makuti na ya mabati bila kubagua, ukalaza minazi, na yeye alikuwa mvunguni, kifudifudi, sanduku amelikumbatia. "Cha juu chote kilikwenda," alikuwa akisema. "Cha chini kilibaki."

Alipofariki, sanduku akalichukua mama. Mimi nilipewa vilivyokuwamo: kanga mbili za kisutu, bangili ya fedha, na bahasha ya picha, mojawapo ya babu akiwa kijana bandarini, kofia imemkaa upande. Nikavibeba vitu hivyo mpaka Marekani na hadithi yake pia, na hadithi ndiyo iliyonigharimu.

Mwaka 2017 tulikuwa na miaka mitatu katika nyumba yetu wenyewe, magharibi mwa jiji la Houston, Texas, kaskazini ya barabara kuu ya I-10, si mbali na Highway 6. Nyumba ya matofali, ya chini, vyumba vitatu. Mimi nahudumia wazee majumbani mwao, mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Nyuma ya mtaa kulikuwa na pori zuri sana, lenye kulungu na njia za baiskeli. Dalali aliyetuuzia alilisifu pori lile: halitajengwa kamwe, alisema, ni ardhi ya serikali, kwa hiyo hamtapata jirani wa kuwapigia kelele. Tukafurahi. Hatukumuuliza serikali inalifanyia nini pori katikati ya jiji ambalo kila kiwanja kinawekwa duka.

Kimbunga Harvey nilianza kukisikia kama watu wanavyosikia habari za ugomvi wa mtaa wa mbali. Kilianza kama wimbi la hewa yenye mvua lililotoka pwani ya Afrika Magharibi tarehe 12 Agosti. (Baadaye nilisoma kwamba mengi ya mawimbi hayo huanza kujikunja kwenye milima ya upande wetu wa bara, Ethiopia na Sudani, kisha husafiri magharibi juu ya nchi kavu kwa siku kadhaa kabla ya kugusa Atlantiki. Nilicheka peke yangu. Kumbe mimi na hicho kimbunga tumetoka upande mmoja.) Tarehe 17 kikapewa jina karibu na visiwa vya Karibi, kikapita Barbados, halafu kikafifia katikati ya bahari ile mpaka watabiri wakakifuta kwenye orodha. Kilikuwa kimekufa, kwa lugha ya televisheni. Kikajikokota kama wingu la kawaida juu ya rasi ya Yucatán, na Jumatano tarehe 23, kilipoingia Ghuba ya Meksiko, kikafufuka.

Maji ya Ghuba mwezi wa Agosti ni ya moto kama ya kuogea mtoto. Kimbunga kinakula joto hilo. Jumatano ilikuwa dhoruba ndogo, Ijumaa usiku tarehe 25 kilitua karibu na mji wa Rockport kikiwa cha daraja la 4, upepo wa kilomita 215 kwa saa. Marekani ilikuwa haijapigwa na kimbunga kikubwa, cha daraja la 3 au zaidi, tangu Wilma mwaka 2005, na Texas haikuwa imeona cha daraja la 4 tangu Carla mwaka 1961.

Daraja la 4. Namba hiyo ndiyo tuliyoisikia siku nzima, na hapa nataka nikae kidogo, maana watu wengi hata leo hawajui namba hiyo inapima nini. Inapima upepo tu. Haisemi lolote kuhusu mvua itakayonyesha, wala kimbunga kitakaa siku ngapi, wala bahari itapanda kiasi gani. Mtu anakuambia daraja la 4 nawe unaona mapaa yakiruka, basi. Mimi niliona minazi ya Lindi.

Kwa hiyo Alhamisi nilijiandaa kwa upepo. Dukani mikate imekwisha, maji ya chupa yamekwisha, watu wamepanga foleni ya plaiwudi. Nilipata mbao tatu, nikazipigilia madirishani kwa msaada wa mzee wa jirani, Mmarekani mweusi, mwanajeshi mstaafu ambaye humwita kila mwanamke "binti" hata akiwa na wajukuu. Nikaingiza viti vya uani ndani. Kisha nikafanya alichonifundisha bibi. Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na stoo ndogo isiyo na dirisha, katikati kabisa, na maofisa wa dharura nao husema upepo ukija jifungie humo. Nikaweka pale sakafuni kila kitu chenye thamani: mkoba wa kanga na picha za bibi, kompyuta, vyeti vya shule vya watoto, albamu ya harusi. Pasi za kusafiria na vyeti vya uraia nilivitia kwenye mfuko wa plastiki wa kufungia nyama, nao nikauvaa begani. Huo mfuko ni jambo moja nililolifanya kwa akili wiki ile, na wala sikulifanya kwa sababu ya maji. Nilikuwa mhamiaji. Mhamiaji hawezi kulala mbali na makaratasi yake.

Mume wangu alikuwa Oklahoma na mzigo. "Mama watoto, njoo huku," aliniambia kwenye simu. Nikamwambia meya hajaamuru watu waondoke, na kweli hakuamuru. Sylvester Turner, meya wa wakati ule, aliwataka wakazi wabaki majumbani. Baadaye alilaumiwa sana. Mimi simo kwenye lawama hizo. Waliokaa Houston miaka mingi walikikumbuka kimbunga Rita cha 2005, ambapo watu zaidi ya milioni mbili na nusu walijimwaga barabarani kwa wakati mmoja, magari yakaisha mafuta kwenye foleni, jua likawaunguza. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi katika kukimbia kuliko kwa kimbunga chenyewe. Basi lililobeba wazee wa nyumba ya kulelea liliwaka moto karibu na Dallas, wazee 23 wakafia ndani. Sisi tunaofanya kazi na wazee tunaijua habari ile kama wengine wanavyojua sura za Kurani. Ukiamuru jiji la mamilioni liondoke kwa siku moja na nusu, barabara zenyewe ndizo zitakuwa mito. Na kwenye mafuriko ya Texas, mahali pabaya kuliko pote pa kuwa ni ndani ya gari.

Ijumaa usiku sikulala. Upepo ulivuma, lakini Rockport iko kama kilomita 250 kutoka kwetu, na kilichotufikia ni mvumo wa kaskazi iliyokasirika kidogo. Asubuhi mbao zangu zote zilikuwa mahali pake. Jani moja la mlango wa uzio lilikuwa limeanguka, na nadhani lilikuwa limeoza kabla. Mchana wa Jumamosi wakatangaza Harvey si kimbunga tena, kimepungua na kuwa dhoruba. Nikampigia mama Lindi. "Alhamdulillahi," akasema, "upepo umekwisha?" Nikamwambia umekwisha. Nikaondoa mbao mbili ili watoto wapate mwanga. Jioni mzee jirani alitualika kula nyama ya kuchoma, na vijana wa mtaa wakakusanyika kwake kutazama pambano la ndondi la Mayweather na McGregor.

Ilipofika saa nne usiku mvua ikaanza. Nimekulia kwenye masika ya kusini. Naijua mvua. Hii haikuwa na pumzi. Mvua ya kwetu hushuka kwa hasira, ikapungua, ikarudi. Ile ya Harvey ilikuja kwa mikanda, mkanda ukipita unasikia mwingine unaburuta nyuma yake kutoka baharini, na kila mmoja unamwaga mahali palepale. Dhoruba ilikuwa imenasa. Kulikuwa na maeneo mawili ya mgandamizo mkubwa wa hewa, kila moja likiivuta upande wake, na katikati hapakuwa na upepo wa kuisukuma iende zake. Ikasimama pwani ya Texas kama punda aliyegoma, mkia bado umo Ghuba ukinyonya maji.

Simu ikaanza kulia. Onyo la kimbunga kidogo cha nchi kavu, kile cha bomba, yaani tornado: ingia stoo, kaa chini. Tunaingia, watoto nimewafunika godoro. Dakika ishirini, onyo la mafuriko ya ghafla: panda mahali pa juu. Tunatoka. Onyo la bomba tena. Usiku mzima simu iliniambia nishuke na nipande. Mwanangu wa miaka saba aliuliza, "Mama, tukae wapi sasa?" Sikuwa na jibu, nikamwambia asome Ayatul Kursiy.

Jumapili televisheni ilionyesha jiji lisilo na barabara. Idara ya hali ya hewa iliandika kwamba tukio lile halijawahi kuonekana na athari zake hazijulikani, na kesho yake ilibidi waongeze rangi mpya za zambarau kwenye ramani zao kwa sababu rangi za zamani zilikuwa zimefika mwisho. Polisi wakawa wanatangaza kwamba mtu asipande darini bila shoka, maana maji yakimfuata huko atashindwa kutoboa paa. Shoka! Nani ana shoka nyumbani Houston? Mzee jirani alikuwa nalo. Alikuja nalo, akaliegemeza kwenye mlango wangu bila maneno mengi, akarudi kwake kwenye mvua.

Lakini mtaani kwetu maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo tu, na Jumatatu mchana mvua ikawa rasharasha. Niliwaonea huruma watu wa Meyerland na wa huko chini kwenye kijito cha Brays, ambao nyumba zao zilikuwa zimezama tangu Jumapili. Nilituma pesa kwenye mchango wa Waswahili wa Houston. Naomba mkumbuke hilo: Jumatatu adhuhuri mimi nilikuwa mchangiaji.

Saa mbili usiku dada mmoja Mkongomani, mwenyeji wa Bukavu, aliyekaa nyumba ya mwisho karibu na pori, alinipigia. "Dada, maji iko inakuja, lakini haitoke mbele. Inatoka nyuma." Sikumwelewa. Nikatoka na tochi. Hakukuwa na mvua hata tone. Maji yalikuwa yanatoka porini, kimya, bila wimbi, kama mtu anayevuta shuka taratibu kumfunika mgonjwa. Kwenye mifereji ya barabara maji hayakuwa yanaingia, yalikuwa yanatoka. Saa tano yakaanza kububujika ndani ya bafu letu, meusi, kupitia tundu la kutolea maji machafu. Saa saba zulia la sebuleni lilikuwa linaelea chini ya miguu yangu kama ngozi ya mnyama aliye hai.

Methali inasema maji hayapandi mlima. Yanapanda, bwana. Yakizibiwa mbele yanarudi nyuma.

Niliwapandisha watoto juu ya kaunta ya jikoni. Nikabeba mchele, nikabeba vidonge vya kisukari vya mgonjwa wangu mmoja alivyosahau ndani ya gari langu, nikabeba vitu ambavyo hata sasa sijui nilivibebea nini. Stoo niliikumbuka saa tisa usiku. Nilipofungua mlango, mkoba wa bibi ulikuwa umezama wote. Cha chini.

Tulichukuliwa Jumanne asubuhi na boti ya kuvulia samaki. Wanaume wawili weupe, wametoka Louisiana na boti yao ikivutwa na gari, hawajalipwa na yeyote. Walikuja wengi namna hiyo, kwa mamia. Tuliozoea kuangalia siasa za Marekani tulishangaa nani anamwokoa nani. Mmoja alimbeba mwanangu mdogo mabegani na kumwambia asiguse maji. Nikaona kwa nini: kitu kama mkeka mwekundu kilikuwa kinaelea karibu na sanduku la barua. Ni sisimizi wale wakali wa huko, maelfu wameshikana miguu, wanaelea pamoja na malkia wao, na wakigusa mguu wako wanapanda wote. Dada wa Bukavu alikuwa kwenye boti nyingine na watoto wanne na sufuria kubwa ya ugali. Mzee jirani alikataa kuondoka mpaka amhakikishe kila mtu ametoka, na alipopanda mwishowe alikuwa amevaa suti.

Jumatano jua likatoka. Anga safi, samawati, kama kwamba hakuna kitu. Dhoruba ilikuwa imerudi baharini na kutua mara ya mwisho karibu na Cameron, Louisiana. Ndiyo siku hiyo hiyo maji ndani ya nyumba yetu yalifika kiwango cha juu kabisa, kiunoni.

Tulilala kwa dada Mkenya katika fleti ya ghorofa ya tatu, watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili. Wengine walikuwa ukumbi mkubwa wa mikutano wa George R. Brown, ambako watu karibu 10,000 walijazana kwenye vitanda vya kukunja. Misikiti kadhaa nayo ilifungua milango, ikalaza watu wa dini zote. Mume wangu alifika Alhamisi usiku baada ya kuzunguka barabara zilizofungwa. Ijumaa tarehe 1 Septemba ilikuwa Idi ya kuchinja. Niliswali na gauni la kuazima. Imamu alipofika kwenye kisa cha Nabii Nuhu sauti yake ilikatika, na safu ya nyuma, ya wanawake, ilikuwa inalia waziwazi. Sisi kwa Kiswahili tunalo neno gharika, na neno tufani lenyewe asili yake Kiarabu ni hiyo hiyo gharika ya Nuhu. Neno lilijua ni maji. Ni sisi wa Lindi tuliolifanya la upepo.

Tulirudi nyumbani baada ya karibu wiki mbili. Harufu sitaieleza. Friji ilikuwa imeanguka chali sebuleni. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukutani zaidi ya mstari wa maji, kwa sababu kuta za huko ni bodi za jipsam na jipsam hunywa maji kama biskuti kwenye chai. Usifikirie utaikausha. Tulikata kuta zote hadi futi nne, tukang'oa sakafu, tukatupa milango, makochi, magodoro, mashine ya kufulia. Kila nyumba ilikuwa na mlima wake mbele. Watoto walipita wakitaja: ile baiskeli yangu, ule mkoba wangu. Kanga za bibi nilizifua mara sita kwa jiki kidogo, rangi ikakimbia, moja ikapona nusu. Picha ziligandamana kuwa tofali moja. Nilijaribu kumbandua babu kwa maji safi na kiwembe, nikapata kofia peke yake.

Ndipo nikajifunza Kiswahili kingine cha maji, ambacho nakitoa hapa kwa yeyote mwenye nyumba Marekani. Tulikuwa na bima ya nyumba, tumelipa miaka mitatu bila kukosa mwezi. Nilipiga simu. Sauti ya upole ikaniuliza: maji yaliingia kutoka juu au kutoka chini? Nikamwambia maji ni maji. Hapana, akasema, kama upepo umetoboa paa na mvua ikaingia, tunalipa. Kama maji yamepanda kutoka ardhini, hayo ni mafuriko, na mafuriko hayamo. Bima ya mafuriko ni mkataba mwingine, wa mpango wa serikali ya shirikisho ulioanzishwa mwaka 1968, na inachukua siku 30 kuanza kufanya kazi. Hata ningeikimbilia ile Alhamisi ya plaiwudi ingekuwa bure. Benki haikutulazimisha kuwa nayo kwa sababu ramani ilisema mtaa wetu hauko kwenye eneo la hatari. Katika wilaya zilizopigwa zaidi, wenye nyumba waliokuwa na bima hiyo hawakufika hata mmoja kati ya watano. Ruzuku ya dharura ya serikali mwaka ule haikuweza kuzidi dola 33,300 kwa kaya, na wengi walipata pungufu sana. Sisi tulijengea kuta, vingine ni mkopo ambao bado tunao.

Na lile pori? Lilikuwa bwawa. Houston iligharikishwa vibaya mwaka 1929 na 1935, na katika miaka ya 1940 yakajengwa matuta mawili marefu ya udongo magharibi ya jiji, Addicks na Barker, kuzuia maji yasishuke katikati ya mji kupitia kijito cha Buffalo Bayou. Siku za kawaida hayana maji, ni msitu na viwanja vya mpira. Mvua ikija, malango hufungwa na msitu hujaa. Shida ni kwamba ardhi ambayo serikali iliinunua ni ndogo kuliko ziwa linaloweza kutokea. Kwa Addicks, serikali ilimiliki mpaka kama futi 103 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa Harvey maji yalipita futi 109. Katikati ya namba hizo mbili ndimo tulimokuwa tunaishi, na majirani zetu maelfu. Tulikuwa tumenunua nyumba ndani ya bwawa. Usiku wa kuamkia Jumatatu malango yalianza kufunguliwa ili matuta yasipasuke, na watu wa upande wa chini waliokuwa wakavu wakazama nao. Desemba 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho ya madai aliamua kwamba serikali inawajibika kwa nyumba za upande wa juu, kwa kuwa ilijua siku moja zitafurika. Kesi za fidia ni ndefu, na mimi nimeacha kuhesabu.

Kwa dalali sina la kusema ila kwamba hakusema uongo. Pori halitajengwa kweli.

Waliohesabu walisema Harvey kiliharibu mali ya dola bilioni 125, sawa na kimbunga Katrina. Nederland, mji mdogo mashariki ya Houston, ulipata milimita 1,539 za mvua kwa siku chache, mvua ambayo Dar es Salaam haifikishi kwa mwaka wa kawaida. Watu wasiopungua 68 walikufa moja kwa moja huko Texas, na karibu wote waliuawa na maji ya mvua. Mgonjwa wangu wa kisukari hakuwa mmoja wao. Vidonge vyake nilimpelekea Jumamosi ile, vimekaa siku nne ndani ya sidiria yangu, akanigombeza kwa kuchelewa.

Mei 2024 kaka yangu alinipigia kutoka Lindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza kimbunga Hidaya kinakuja, watu wamejaa wasiwasi, mama amekataa kula. Nikasikia nyuma yake kitu kikiburutwa. "Ni nini hicho?"

"Sanduku la bibi. Mama anataka liingie mvunguni."

Nikamwambia asithubutu, alipandishe juu ya kabati, tena juu kabisa, alifunge kwa kamba kwenye boriti. Akampa mama simu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mtu anayemsikiliza mgeni. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umeona maji ya Wazungu. Mimi ni mtoto wa mama yangu. Upepo ukilichukua utanilipa?" Nikamweleza nyumba iko bondeni, mto uko pale. Akasema mto ule haujawahi kufika hapa. Nikamwambia nami niliambiwa hivyo.

Hidaya kilifika karibu na Mafia tarehe 4, kikapungua nguvu, watu wakashukuru kwamba upepo haukuwa na neno. Halafu mvua ikakata barabara ya Dar na Lindi kule Somanga, madaraja yakaenda, na mabasi yakalala kwenye foleni upande huu na upande ule. Kaka alikuwa kwenye mojawapo. Alinitumia picha ya maji mekundu yanapita mahali palipokuwa na lami, bila kuandika neno.

Kwetu mto haukufika. Mama ananikumbusha kila tukiongea. Lakini sanduku, ananiambia kaka, halikurudi mvunguni. Liko juu ya meza ya chakula, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na watu wanakula mkekani.